Uzi: "Viumbe watazoea tu" ni kweli nusu. Tuizungumze miamba ya matumbawe ya Tanga

Mwalimu wa Raskazone (mwenye uzi)

Ndugu zangu, nafungua uzi huu kwa sababu ya sentensi moja niliyoisikia wiki iliyopita kwenye soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga. Mzee mmoja mvuvi, ambaye nimemheshimu tangu utoto wangu, alikuwa akiwasikiliza vijana wakizungumzia matumbawe yaliyopauka, kisha akakata shauri kwa kusema: "Bahari imekuwapo kabla yetu, viumbe wake watazoea tu." Sikumjibu palepale, kwa kuwa si adabu kumsahihisha mzee mbele ya wateja wake, na pia kwa kuwa nusu ya kauli yake ni kweli. Nusu ya pili ndiyo iliyonileta hapa.

Nafundisha biolojia sekondari. Somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anapotaka kulieleza nyumbani kwa Kiswahili hujikuta ana neno moja tu, kuzoea, la kubebea mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni kiumbe mmoja, katika uhai wake, kurekebisha mwenendo wa mwili wake ili astahimili hali mpya, kama mtu wa Tanga anayehamia Lushoto na baada ya wiki kadhaa akaacha kutetemeka asubuhi. La pili ni ukoo mzima kubadilika vizazi kwa vizazi, kwa sababu wale waliozaliwa na umbo au tabia iliyofaa ndio waliosalimika na kuzaa kuliko wenzao. La kwanza nitaliita kuzoea, na la pili nitaliita kulingana kwa urithi. Kuzoea huchukua siku au miezi. Kulingana kwa urithi huchukua vizazi, na hakuna kiumbe aliyewahi kukusudia jambo hilo.

Nianze na chumvi, kwa sababu kila mtu wa pwani amewahi kunusa ushahidi wake. Maji ya bahari yana gramu zipatazo 35 za chumvi katika kila kilo, ilhali damu ya samaki kama changu au tasi ina kiasi cha theluthi moja tu ya hiyo. Maji hupenya ngozi kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi, kwa hiyo changu, ingawa amezungukwa na maji pande zote, yumo katika hatari ya kukaukiwa. Humlazimu kunywa maji ya bahari mchana na usiku, kisha kuitoa chumvi iliyozidi kupitia seli maalumu zilizomo katika mashavu yake. Papa na taa wana njia nyingine kabisa. Wao huibakiza mwilini urea, ile ambayo sisi huitoa katika mkojo, mpaka majimaji ya miili yao yanakaribia kulingana na bahari kwa ukolezi, na hivyo maji hayana sababu ya kuwakimbia. Papa akishakufa, bakteria huigeuza urea hiyo kuwa amonia, na hiyo ndiyo harufu inayokupokea mlangoni mahali panapopikwa papa mkavu ambaye hakulowekwa vya kutosha. Kasa naye ana tezi kubwa karibu na macho zinazotoa chumvi kwa umbo la machozi mazito. Wazee waliosema kwamba kasa hulia anapotaga mayai waliona sawasawa, ila machozi hayo humtoka hata akiwa majini, ambako hakuna wa kuyaona.

Tatizo ni moja na njia ni tatu, zote za kurithi. Kambare wa mtoni akitupwa baharini hatazoea. Atakufa, hata kama tutamhimiza vipi.

Binti Kigombe

Shikamoo, mwalimu. Mimi nimezaliwa Kigombe, na mama yangu mpaka leo hutoka na wenzake siku za bamvua, maji yakishakupwa, kwenda mwambani na kijiti kutafuta pweza. Bibi yangu aliyaita matumbawe mawe yanayoota, na hakuona ajabu yoyote katika maneno hayo. Shuleni nikaambiwa kwamba ni wanyama, na habari ikaishia kwenye karatasi ya mtihani. Naomba unieleze kwa utaratibu: mnyama asiyetembea na asiye na macho anakula nini mahali ambapo maji ni maangavu mpaka unaona mchanga wa chini? Mvuvi yeyote atakuambia kwamba maji maangavu kiasi hicho hayana chakula.

Mwalimu wa Raskazone

Marahaba, binti yangu. Bibi yako apewe haki yake, kwa maana katika maneno mawili alisema sehemu kubwa ya jambo lenyewe, na swali lako ndilo lililowasumbua wanasayansi kwa muda mrefu.

Tumbawe ni jamii ya wanyama wadogo waitwao polipu, ambao wengi wao hawazidi milimita chache kwa upana. Polipu mmoja ni kama mfuko laini wenye mdomo juu, na mdomo huo huo ndio unaoingiza chakula na kutoa taka. Kuuzunguka kuna minyiri midogo yenye seli za sumu, za aina ile ile inayomuunguza mtu aliyeguswa na kiwavi wa baharini. Chini yake polipu hujijengea kikombe cha kalisi kaboneti, yaani chokaa, kutokana na madini yaliyoyeyuka majini. Polipu hujigawa, jirani hushikamana na jirani, vikombe vipya hujengwa juu ya vya zamani, na jiwe linaota. Sehemu iliyo hai ni utando mwembamba wa juu tu, na ndiyo maana mguu mmoja uliokanyaga vibaya unaweza kuharibu kazi ya miaka.

Sasa chakula. Usiku polipu hufungua minyiri na kunasa planktoni, yaani viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, lakini mapato hayo hayatoshi. Siri iko ndani ya nyama yake, ambamo wanaishi vimwani vya chembe moja, zaidi ya milioni moja katika kila sentimita mraba. Vimwani hivi hufanya usanisinuru kama jani la mwembe, na sehemu kubwa ya sukari inayopatikana humwendea mwenye nyumba, yaani polipu, kama kodi ya mpangaji. Kwa matumbawe mengi ya kina kifupi, msaada huo hufika hata asilimia 90 ya nguvu anayohitaji. Mwenye nyumba naye hurudisha fadhila kwa hewa ya kaboni na kwa taka zake zenye nitrojeni na fosforasi, ambazo kwa vimwani ni mbolea. Mbolea hiyo hairuhusiwi kupotea. Inazunguka humo humo ndani. Hivyo maji maangavu ni sharti la mwamba, kwa kuwa bila mwanga kodi hailipiki. Mahali ambapo mto mkubwa huleta matope, kama karibu na mdomo wa Mto Pangani, matumbawe hupata taabu, ilhali maili kadhaa mbali na hapo yanastawi.

Umbo nalo hufuata mwanga na mawimbi. Yale yenye matawi kama pembe za paa hukua haraka, mengine sentimita 10 au zaidi kwa mwaka, lakini huvunjika upesi. Yale ya mviringo kama kichuguu huongezeka sentimita moja hivi kwa mwaka na huweza kuishi karne kadhaa. Tena spishi moja inaweza kuwa nene na fupi penye mawimbi, na ikatandaa kama sinia kwenye kina chenye mwanga hafifu. Hapo binti yangu unaona kuzoea kwa maana yake halisi, maana jeni ni zile zile na umbo limefuata mahali.

Kando kidogo ya mada: ukienda kwenye magofu ya Tongoni, usiangalie makaburi peke yake. Sogeza uso karibu na ukuta. Mawe yale ni matumbawe, na vikombe vya polipu bado vinaonekana. Na chokaa ya mapango ya Amboni ilitandazwa chini ya bahari katika kipindi cha Jurasi, yapata miaka milioni 150 iliyopita. Mji wetu umekaa juu ya bahari za zamani.

Mzamiaji Mstaafu

Mdogo wangu Mwalimu, mimi nilizamia kamba koche na jongoo bahari kwa zaidi ya miaka ishirini, kabla masikio hayajanikataza. Nina ushahidi wa kumtetea yule mzee wa sokoni. Mwaka 1998 niliona mwamba mzima ukiwa mweupe kama shuka la hospitali. Nilidhani kwamba umekufa. Baada ya kusi kuingia na maji kupoa, baadhi ya matumbawe yalirudisha rangi yake, kidogo kidogo, hudhurungi kwanza. Na miaka ya baadaye, joto liliporudi, niliona kwamba baadhi ya yale yale yaliyopauka mara ya kwanza hayakupauka kwa kiasi kile. Kama huko si kuzoea, basi nipe jina lake.

Mwalimu wa Raskazone

Kaka, huko ni kuzoea kweli, na nakushukuru kwa kuleta jambo uliloliona mwenyewe badala ya maneno ya kusoma. Naomba tu nionyeshe mpaka wake.

Tumbawe la nchi za joto huishi karibu sana na ukingo wa uvumilivu wake. Bahari yetu hupoa hadi nyuzi 25 hivi katika miezi ya kusi na hupanda hadi 29 au zaidi mwishoni mwa kaskazi, kati ya Februari na Aprili. Joto likizidi wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote kwa nyuzi moja tu, na likadumu wiki kadhaa, mitambo ya usanisinuru ndani ya vimwani huharibika na kuanza kutoa aina za oksijeni zinazochoma seli. Mpangaji aliyekuwa akileta sukari sasa analeta sumu, na mwenye nyumba humtoa nje. Weupe ulioona ni mifupa ya chokaa inayoonekana kupitia nyama isiyo na rangi. Kwa hiyo tumbawe lililopauka lipo hai, ila lina njaa. Likipata nafuu mapema, vimwani vilivyobaki huzaliana na rangi hurudi, ile hudhurungi uliyoiona. Joto likiendelea, njaa humaliza kazi.

Kwa nini mara ya pili hali haikuwa mbaya vile? Kuna majibu matatu, na yote yanaweza kuwa kweli kwenye mwamba mmoja. Kwanza, tumbawe lenyewe linaweza kuongeza protini za kujikinga baada ya kuonja joto. Pili, mpangaji anaweza kubadilika: vimwani viko vya aina nyingi, na vipo vinavyostahimili joto zaidi, ingawa mara nyingi hulipa sukari kidogo, kwa hiyo tumbawe hukua polepole. Hayo mawili ni kuzoea. La tatu ni chungu kidogo: yale dhaifu hayakuwapo mara ya pili, kwa sababu yalikufa mara ya kwanza. Ukirudi kuhesabu, unahesabu walionusurika. Hapo ndipo kulingana kwa urithi kunapoanza, na kunaanza kwa msiba.

Tatizo ni hesabu ya vizazi. Tumbawe lenye matawi huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na yale ya mviringo huhitaji zaidi. Joto la 1998 linakadiriwa kuwa liliua kiasi cha asilimia 16 ya matumbawe ya dunia, na ukanda wetu wa Bahari ya Hindi uliumizwa sana. Likaja jingine mwaka 2016. Mwezi Aprili 2024 likatangazwa tukio la nne la upaukaji wa dunia nzima, na pwani ya Afrika Mashariki haikusalimika. Pengo kati ya joto moja na jingine linakuwa fupi kuliko muda ambao mwamba unauhitaji ili kukua upya, sembuse kubadilisha ukoo. Mzee wetu anafikiri kwa kipimo cha bahari, ambayo kweli ina subira. Joto hili linakwenda kwa kipimo cha umri wa mwanadamu.

Niongeze habari moja njema, kwa sababu ni ya kwetu. Watafiti wa miamba wamelitaja eneo la kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, karibu na mkondo wa Pemba, kuwa miongoni mwa makimbilio ya matumbawe. Mkondo huo una kina cha mamia ya mita, na maji baridi ya chini husaidia kupunguza makali ya juu. Kimbilio linapunguza hatari, kaka, lakini lina masharti yake.

Mkazi wa Sahare

Nimefuatilia uzi huu kwa utulivu, na sharti la kwanza nalijua. Kwetu tulikulia kwenye mlio wa baruti za kuvulia samaki. Madirisha yalikuwa yakitikisika asubuhi, na watoto walijua kukimbilia ufukweni. Nauliza kwa nia njema: katika elimu hii ya kuzoea na kurithi, baruti iko wapi?

Mwalimu wa Raskazone

Haipo, ndugu yangu, na ndiyo tofauti yake na dhoruba. Samaki wengi wa mwambani wana mfuko wa hewa tumboni unaowawezesha kusimama majini bila kuzama wala kuelea, na mshindo wa baruti huupasua mfuko huo mara moja, kwa hiyo wengi huzama na mvuvi mwenyewe hawapati. Matumbawe hugeuka kifusi. Lava ya tumbawe, yaani kichanga chake, ambayo huelea kwa siku au wiki kadhaa ikitafuta mahali pa kukaa, huhitaji jiwe tulivu. Kifusi kinachoviringishwa na kila wimbi huisaga. Mwamba unaweza kubaki hivyo kwa miongo. Urithi hufanya kazi pale ambapo wengine hunusurika kwa sababu ya tofauti zao, na mbele ya baruti tofauti hizo hazina maana.

Ila kuna kiumbe mmoja anayesaidia kuponya, nanyi mnamkaanga: pono. Meno yake yameungana yakawa kama mdomo wa kasuku, na kooni ana kinu kingine cha kusagia. Hukwangua mwani unaofunika mawe, na kwa kufanya hivyo huwafungulia lava za matumbawe nafasi. Chokaa anayoimeza huitoa ikiwa mchanga. Pono mkubwa mmoja hutoa mamia ya kilo kwa mwaka, na sehemu ya ule mchanga mweupe mnaoupenda kwenye picha ilipitia tumboni mwake. Wengi wao huanza maisha wakiwa majike, na baadaye baadhi hugeuka madume yenye rangi kali. Ukivua wakubwa wote, unavua madume. Nimeeleza haya kwa ufupi, maana pono anastahili uzi wake mwenyewe.

Kijana wa Chumbageni

Mwalimu, shikamoo. Mimi niko kidato cha nne. Tuliambiwa darasani kwamba samaki aitwaye silikanti hajabadilika kwa miaka milioni 400. Kama viumbe hulingana na mazingira vizazi kwa vizazi, inakuwaje yeye akabaki vilevile? Na kama amebaki vilevile na bado yupo hai, je, si ushahidi kwamba kubadilika si lazima?

Mwalimu wa Raskazone

Marahaba, kijana. Swali hili nililisubiri, kwa kuwa Tanga haiwezi kuzungumza juu ya bahari bila kumtaja silikanti.

Kwanza historia, ili tuwe pamoja. Kundi la silikanti linajulikana katika visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyohifadhiwa katika miamba, vya miaka ipatayo milioni 400, kisha visukuku vyake vinatoweka katika tabaka za miaka milioni 66 hivi iliyopita, na wataalamu wote waliamini kwamba kundi hilo lilikwisha pamoja na dinosaria. Tarehe 22 Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa msimamizi wa jumba dogo la makumbusho huko East London, Afrika Kusini, alimwona samaki wa ajabu wa buluu katika mzigo wa meli ya uvuvi. J.L.B. Smith ndiye aliyemtambua na kumpa jina la kisayansi, Latimeria chalumnae. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952. Hapa Tanzania taarifa zilianza mwaka 2003, na katika miaka iliyofuata makumi ya silikanti walinaswa, wengi wao Tanga, katika majarife, yaani nyavu kubwa, ya papa yaliyowekwa kwenye kina kirefu. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye kilomita za mraba 552, kuanzia kaskazini mwa mdomo wa Mto Pangani hadi kupita jiji la Tanga.

Sasa nikuombe uweke kalamu chini. Aliyekuambia kwamba hajabadilika alikosea. Spishi tuliyonayo haipatikani katika visukuku vya miaka hiyo. Wale wa kale wengine walikuwa wadogo kama kiganja, wengine waliishi katika maji baridi ya mito. Kinachofanana ni ramani ya mwili. Jenomu yake, yaani jumla ya maelezo yake ya urithi, iliyochapishwa mwaka 2013, ilionyesha kwamba jeni zake za protini hubadilika polepole kuliko za wanyama wa nchi kavu, lakini polepole si sawa na kusimama.

Na ukimchunguza, kila kiungo kinaeleza mahali anapoishi. Mchana hujificha katika mapango kwenye miteremko ya mwamba, aghalabu kati ya mita 100 na 300, ambako maji yana ubaridi na mwanga ni hafifu. Usiku hutoka kuwinda. Pale ambapo changu ana mfuko wa hewa, yeye ana kiungo kilichojaa mafuta, ambacho hakibanwi na kina wala hakipasuki anapopanda na kushuka. Katika pua ana kiungo cha kuhisi umeme mdogo unaotolewa na miili ya mawindo, kwa hiyo giza halimzuii. Macho yake yana tabaka linalorudisha mwanga kama la paka. Mapezi yake ya nyama husogea kwa kupishana, la kulia na la kushoto, kama miguu ya mnyama anayetembea, ingawa hatembei juu ya sakafu. Mwili wake hutumia nguvu kidogo mno, na hilo linafaa mahali penye chakula kichache.

Lakini tazama gharama. Uchunguzi wa magamba yake uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba huweza kuishi karne moja, hukomaa akikaribia miaka 55, na hubeba mimba kwa miaka mitano hivi kabla ya kuzaa watoto walio hai. Basi jibu la swali lako ni hili: mahali pake palibadilika kidogo sana, kwa hiyo mwili uliofaa jana umefaa leo. Utulivu wa makazi ndio uliomhifadhi. Jarife halikuwamo katika makazi hayo, na ukoo unaongoja nusu karne kabla ya kuzaa hauna njia ya kulikabili.

Binti Kigombe

Mwalimu, nimeridhika na tumbawe na nimeridhika na silikanti, lakini pweza anakuharibia mgawanyo wako. Mama yangu anasema kwamba pweza akiwa juu ya mwani ni mwani, akiwa juu ya jiwe ni jiwe, na mara nyingi yeye humtambua kwa maganda ya kaa na kombe yaliyotapakaa mlangoni mwa tundu lake kuliko kwa kumwona mwenyewe. Anabadilika ndani ya sekunde. Si vizazi, wala si miezi. Tumweke wapi?

Mwalimu wa Raskazone

Binti yangu, umenishika mahali penyewe, na afadhali nikiri kwamba mgawanyo wangu wa mwanzo ulikuwa mwepesi mno.

Ngozi ya pweza ina maelfu kwa maelfu ya vifuko vya rangi, na kila kifuko kimezungukwa na misuli inayoamrishwa moja kwa moja na neva. Misuli ikivuta, rangi hutandaa. Ikiachia, rangi hujikunja kuwa nukta. Chini yake zipo seli zinazorudisha mwanga, na juu yake vipo vinundu vinavyoinuka ili ngozi ionekane na mikwaruzo kama ya jiwe. Pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili zimo katika minyiri, si kichwani. La kustaajabisha ni kwamba macho ya pweza yana aina moja tu ya kipokezi cha mwanga, kwa hiyo, kwa jinsi tunavyoijua rangi sisi, yeye haioni. Ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya buluu kwa sababu hubeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma.

Sasa tumweke wapi? Rangi aliyoivaa sasa hivi hakuirithi, amejirekebisha. Lakini vile vifuko, zile neva na ule uwezo wa kujirekebisha amevirithi vyote. Pweza asiyejua kufanana na jiwe aliliwa na mkunga zamani sana, kabla hajataga. Kwa hiyo kuzoea hakusimami peke yake: kiumbe huzoea kwa kiasi ambacho urithi wake umemruhusu. Tumbawe limerithi uwezo wa kubadilisha wapangaji, na mpaka wa uwezo huo ndio mpaka wa joto linaloweza kulivumilia. Nitamwambia yule mzee hivyo: watazoea, ila kila mmoja ana kamba yake, na urefu wake ulipimwa na bahari ya mababu zao.

Tena pweza ana nafasi ambayo tumbawe na silikanti hawana. Pweza tunayemvua kwenye miamba yetu huishi mwaka mmoja hivi. Jike hutaga mayai mengi mno, huyalinda bila kula, na hufa yanapoanguliwa. Vizazi vyake hupita haraka. Ndiyo maana vijiji vinavyokubaliana kufunga mwamba kwa miezi michache huona pweza wakubwa siku ya kuufungua, ilhali mwamba uliovunjwa kwa baruti haujibu kwa miezi.

Mzamiaji Mstaafu

Hilo la kamba nimelipokea, mdogo wangu. Nina ombi la kazi. Wapo vijana wanaokuja kwangu na picha za matumbawe meupe na kuniuliza kama yamekufa. Nawajibu kwa mazoea ya jicho tu. Waelekeze namna ya kutazama.

Mwalimu wa Raskazone

Watazame kwa karibu bila kugusa. Tumbawe lililopauka ni jeupe safi, linang'aa kidogo kwa ute, na ukitulia utaona utando laini juu ya vikombe, pengine na minyiri iliyojikunja. Tumbawe lililokufa siku nyingi lina rangi ya kijani au hudhurungi chafu, kwa sababu mwani umeota juu yake, na vikombe vyake vina kingo kali zisizo na nyama. Jeupe lenye alama pacha za mikwaruzo ni kazi ya pono, na jeupe lenye ukingo uliovunjika ni nanga au mguu. Picha moja haitoshi kwa vyovyote. Waende mahali pale pale baada ya wiki nne, wapige picha kwa pembe ile ile, na waandike tarehe, kina na hali ya maji.

Mzee wa sokoni nimeshamwona. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipara samaki, kisha akauliza kama nina raba za kufaa, kwa sababu bamvua ijayo atakuwa na nafasi nne katika ngalawa yake. Binti Kigombe, mwombe mama yako atuonyeshe matundu. Atakayegeuza jiwe alirudishe kama alivyolikuta, upande wenye viumbe chini.